Kidonge cha Jana

Asalaam aleikum. Walio karibu na mlango wasogee ndani, jua linawapiga, na mimi sina sauti ya kufika huko nje. Nusu ya sauti yangu niliitema kwenye kopo la makohozi.

Sista ndiye amenisimamisha. Ameniambia, "Mzee, waambie wagonjwa wageni yaliyokupata. Wewe watakusikiliza, mimi wananiona mtoto." Nimemwambia mimi si mtu wa mawaidha. Madrasa niliishia kwenye sura fupi fupi, na shule ya serikali niliiona kwa nje tu, nikipitisha mbuzi. Hiki Kiswahili nilikiokota Modogashe, kwa madereva wa malori, nilipokuwa kijana nikiwapakilia mbuzi. Mkisikia tusi katikati nisameheni, ndivyo nilivyofundishwa. Na sitataja jina la mtu. Aliyekufa Mungu anamjua, na aliye hai ana haki ya kusitiriwa.

Mnaiona kamba hii? Ni kamba ya kumfunga ngamia miguu ya mbele asipotee malishoni. Ishikeni, mpitishane, muihesabu mkitaka. Lakini mnirudishie. Nitaifikia.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna mtu mwenye kazi za kurudia kama mfugaji. Mtu wa mjini ana saa ya ukutani, ana karatasi yenye tarehe. Sisi tuna kichwa. Ngamia unamkamua asubuhi na jioni. Mbuzi anakunywa kila siku ya pili, ya tatu. Ngamia, kiangazi kikiwa kikali, siku ya nane, siku ya kumi, kila boma na zamu yake kisimani, na ukikosa zamu unangoja mpaka wenzako wote wamalize. Kisha kuna kupe, kuna chumvi, kuna kuhama. Yote hayo yalikaa hapa kichwani. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza ngamia wa jirani wanakunywa lini, ningekujibu kabla sijafungua macho. Nilijivuna kwa hilo. Baba yangu naye alikuwa hivyo, ila yeye alisahau siku ya harusi yake mwenyewe. Hiyo ni hadithi nyingine, sista ananitazama.

Lakini hesabu ya mfugaji ina mlango wa nyuma. Siku ya nane imefika, mvua imenyesha, ngamia amekula majani mabichi: humpeleki kisimani. Kazi imejifuta yenyewe, wala hakuna dhambi. Na ukichelewa, kwa sababu kisima kimekauka au kuna vita njiani, ngamia atajilipia mwenyewe. Atasimama kwenye birika mara moja tu, anywe maji ya wiki mbili, tumbo lijae kama pipa, aondoke. Hana kinyongo. Likumbukeni tumbo hilo la ngamia. Ndilo lililomuua mke wangu.

Mke wangu alianza kukohoa kabla ya ile mvua kubwa, ile iliyokata barabara. Mnaikumbuka wote. Nilimleta hapa hapa Garissa, katika manyatta hii hii ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alichomwa sindano miezi miwili, makohozi yakapimwa, yakawa masafi. Alipotaka kurudi nyumbani walitupa mkebe wa vidonge vya miezi iliyobaki, wakatwambia: kila siku, asubuhi, bila kukosa, mpaka mkebe uishe. Mke wangu alisema, "Mpeni yeye. Mzee huyu hasahau kitu." Alisema kwa fahari. Nikaupokea mkebe.

Na kweli, mwanzoni sikusahau. Nikishakamua, kikombe cha kwanza cha maziwa ni chake, na vidonge juu yake. Akawa anatembea, anagombana na mbuzi, ananitukana mimi. Mke mgonjwa hatukani, ndugu zangu. Mke akianza kutukana, mshukuru Mungu.

Kisha mvua ikaja. Haikuwa mvua ya baraka. Mbuzi walisimama kwenye matope mpaka kwato zikaoza. Mbu wakawa wengi hata ngamia wakakimbia ovyo, na ugonjwa ukaja nyuma ya mbu, mifugo ikatupa mimba na kufa. Barabara ya Modogashe ikawa mto. Na ndani ya hayo, mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Mke wangu alinijia akiwa amejitanda shuka yake mpya.

"Mwezi umeonekana," akaniambia.

"Nimeuona."

"Basi mimi nafunga. Mwaka jana nilikuwa mgonjwa nikala kama mtoto. Mwaka huu nina nguvu."

"Na vidonge?"

"Wewe ndiye mwenye mkebe. Sista alisema asubuhi. Asubuhi nimefunga, nitamezaje?"

Hapo ningeweza kuuliza. Lakini nimuulize nani? Sista yuko Garissa, kati yetu kuna maji. Na mimi niliyejua zamu za visima vyote nikamuulize nani? Nikatoa hukumu, kadhi wa porini. Nikasema: mgonjwa akila mchana wa Ramadhani, hulipa siku zake baadaye, na Mungu anapokea. Hata msafiri anaruhusiwa kuzikusanya sala ya adhuhuri na ya alasiri pamoja. Basi wewe utafunga, na vidonge tutavilipa baada ya Idi.

Akacheka. "Leo umekuwa sheikh?"

"Sheikh wa vidonge."

Nikaufunga mkebe kwa kamba, nikautundika kwenye mti wa paa, juu ya mahali anapolala. Ukaning'inia pale mwezi mzima. Na yeye alifunga siku zote, hakuacha hata moja, tena alikuwa na furaha. Nawaambia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Ulikuwa mwezi wake mzuri kuliko yote tangu augue.

Baada ya Idi nikaanza kulipa. Mkono huu vidonge vya leo, mkono huu vidonge vya deni. Yeye ananyosha viganja viwili, anameza, anakunja uso. Baada ya siku chache akaanza kutapika. Nikamwambia vumilia, deni ni deni. Hazikupita siku nyingi, macho yake yakawa ya njano. Nikasema ni homa ya mbu, watu wengi walikuwa wanaugua. Nikaendelea kumpa. Ndugu zangu, niliendelea kumpa. Mpaka mkebe ukaisha, mpaka siku aliposhindwa hata kumeza maji, na kile kikohozi nacho kikawa kimerudi, kinatoa damu.

Nilimbeba mpaka barabarani. Tulikaa kando ya tope tukingoja lori lipite. Siku za kungoja pale sitazisimulia. Lilipokuja lori, dereva alimweka mbele, akamwondoa utingo wake, akamfunika koti lake. Tulifika hapa, akaishi siku tatu.

Sista aliniuliza, "Mzee, alimeza dawa zote?"

Nikamwambia, "Zote."

Haikuwa uongo. Mkebe ulikuwa mtupu.

Tulimzika. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu nami mwenyewe sikujua kama kuna la kusema. Nilidhani nimefanya sawa na Mungu amechukua chake. Nilikuwa na huzuni, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Sasa natamani hata ile huzuni.

Kikohozi kilipoanza kwangu mimi, mifugo ilikuwa imekwisha. Nilikwenda Buna, kwa binti yetu aliyeolewa huko. Alinipikia, akanitandikia. Siku ya nne alikaa mbele yangu bila kunitazama usoni.

"Aabo," akaniambia, ndivyo tunavyomwita baba, "watoto wangu wanalala karibu nawe. Mama alikohoa hivi hivi."

"Unanifukuza?"

"Nakupandisha lori. Uniite utakavyo."

Nilimwita majina. Lori zima lilisikia. Leo mbele yenu naomba Mungu amlipe mema, alikuwa na akili kuliko mimi. Lakini siku ile nilisafiri kutoka Buna mpaka hapa nikijiona maiti isiyo na mtu wa kuizika.

Hapa nikaingia katika mstari kama ninyi. Asubuhi ndoo ya maji, kikombe, mkono, sista anakutazama ukimeza, anatia alama kwenye kadi. Nilimeza, wala sikuwa na hamu ya kitu. Siku moja nikasikia wamefikisha ngamia wengi sokoni, huko upande wa Galbet. Sikuwa na chochote cha kununulia, nilitaka tu kunusa ngamia. Nilitoka alfajiri, nikakaa na madalali mpaka jua likashuka, wananiuliza umri wa huyu, meno ya huyu, nikajiona mtu tena. Asubuhi ya pili nikarudi kwenye mstari. Nikanyosha viganja viwili.

"Sista, nipe na vya jana."

"Vya jana vipi?"

"Jana nilikosa. Leo nalipa."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Mzee, vya jana vimekwenda na jana. Dawa hailipwi. Ukimeza vya siku mbili kwa mara moja utaunguza ini, macho yageuke njano, na huyo mdudu wa kifua jana alishapata nafasi yake. Umekosa, umekosa. Unameza vya leo, na sisi tunakuongezea siku mwishoni."

Macho yageuke njano. Alisema hivyo, na hakujua anamwambia nani.

Nikamuuliza, "Na mtu akiwa amefunga Ramadhani?"

"Anameza wakati wa daku. Au akishafuturu. Kwani nani amesema asubuhi lazima jua liwe limetoka?"

Daku. Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa namwamsha mke wangu ale daku. Kila siku ya mwezi ule nilimwekea kikombe cha maziwa mkononi. Na mkebe unaning'inia juu ya kichwa chake. Ningenyosha mkono tu. Hata kusimama sikuhitaji.

Nililia pale kwenye mstari. Nikayasema yote kwa sauti, kila mtu akasikia, mpaka wapishi. Kisha nikaenda nyuma, kule uani kwenye ua wa miiba, nikakaa. Sikumeza siku ile. Wala ya pili. Sista alikuja akaniomba, akanigombeza, akaleta na daktari. Nikawaambia niacheni, mimi ni deni, acheni lilipwe.

Alikuwepo mama mmoja mgonjwa, mkimbizi wa kule Dadaab, mzee kuliko mimi, mwenye jino moja la dhahabu. Nilikuwa namwita eddo, yaani shangazi, kwa heshima ya umri. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Alikuwa mkali, aliogopwa hata na paka. Siku ya tatu jua likiwa juu alikuja uani, akaketi kwa kunguruma kama ngamia anayepiga magoti.

"Wewe mtu wa Modogashe, nasikia umegoma."

"Niache, eddo. Nimeua mtu."

"Nimesikia. Garissa nzima imesikia, ulilia kama ngamia jike aliyechinjiwa ndama. Sasa unataka kumfuata?"

"Sitaki kitu."

"Mke wako alikupenda hivyo, kwamba anakungoja huko? Umpelekee kikohozi chake?"

Ndipo akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na vidonge vyake vya siku ile, vimelowa, rangi nyekundu imemchafua mkono kama hina.

"Sista anadhani nimemeza. Niliviweka chini ya ulimi, nikavitema."

"Kwa nini?"

"Nakungoja wewe. Kuanzia leo mimi sinywi mpaka nione umekunywa. Ukikaa hapa uani siku kumi, nami siku kumi. Yule wa kwanza ulimuua hujui. Huyu wa pili utamuua unajua."

"Huo ni wazimu!"

"Wanangu wanne nimewazika kule kwetu, nikavuka mpaka kwa miguu. Wazimu ninao, hata wa kukuazima."

Nilimtukana. Kiswahili chote cha malori nilichokijua nilikimwaga pale, na yeye hakukijua Kiswahili, akawa anaitikia kwa kichwa kana kwamba namsomea dua. Kisha nikainuka. Msidhani niliinuka kwa matumaini. Kuna watu husimama kwenye mkutano kama huu wakasema siku moja mwanga uliingia moyoni. Kwangu hakukuingia mwanga wowote. Niliinuka kwa hofu, kwa sababu yule mama hakuwa anatania. Nikaenda kwa sista, nikameza. Eddo akaomba vingine badala ya vile vilivyoharibika, akatukanwa kwanza, akameza. Akaniambia, "Kesho."

Hiyo kesho ndiyo dawa niliyopewa. Kila alfajiri, tukishasali, yeye upande wa wanawake na mimi huku, namsikia anagonga kikombe chake. Maana yake, uko wapi. Nami nagonga changu.

Kamba ni wazo lake pia. Aliniambia, "Hicho kichwa chako kimeshatuponza, kiache kipumzike. Hesabu kwa vidole." Tukaomba sista atuhesabie siku zilizobaki, nikafunga mafundo, fundo moja kwa kila asubuhi. Kila Jumatatu, siku ya kupimwa uzito, uzi mweupe. Siku ya kutema kwenye kopo wapime makohozi, kitambaa chekundu, na hivyo ni vichache, vimeachana mbali, unaviona vikija kutoka mbali kama lori barabarani. Ukishameza unafungua fundo, ukikuta uzi mweupe unakwenda kwenye mizani, ukikuta kitambaa unakwenda kwenye kopo. Hufungui kabla ya kumeza. Hufungui mawili. Mvua inyeshe, uwe na nguvu za kubeba ng'ombe, fundo la leo liko pale pale linakungoja, halijui majani mabichi.

Nilitaka kuanza na siku safi. Eddo akakataa. Akaniambia, "Funga na zile tatu. Siku ya soko, na siku mbili za ua wa miiba. Uzifunge mwanzoni kabisa, ngumu, na usizifungue maisha yako." Ndiyo hayo mafundo mnayoyapapasa hapo. Wewe kijana usijaribu kuyafungua, yamelowekwa yakakazwa.

Katikati ya kamba, wakaja watu na habari kwamba kule kambini wakimbizi wanahesabiwa upya. Asiyekuwepo siku ile, kadi yake ya chakula inafutwa. Sista alimsihi abaki. Akasema, "Nikipona bila kadi nitakula nini, vidonge?" Wakampa mkebe wake wa siku zilizobaki. Ulikuwa mkebe kama ule ule wa mke wangu.

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. "Eddo, nitajuaje kama umemeza?"

"Hutajua."

"Nawe utajuaje kama mimi nimemeza?"

"Sitajua. Nitangoja tu, kama kawaida. Kwa hiyo usinicheleweshe."

Akapanda. Hatukuonana tena.

Niliimaliza kamba peke yangu. Kila asubuhi nilisimama nimeelekea barabara ya Dadaab, nikagonga kikombe, nikasema, "Eddo, nimemeza." Watu walinicheka, nao walikuwa na haki. Zilikuwepo asubuhi nilizomeza nikitamani kutapika, zilikuwepo nilizomeza nikimlaani yeye. Fundo halikuuliza nina moyo gani. Mwezi uliopita kitambaa cha mwisho chekundu kilipita, makohozi ni masafi, na sista amefunga kadi yangu.

Anasema nimepona. Mapafu yamepona. Ngamia sina, nyumba sina, na kila nikiona kikombe cha maziwa nauona mkono wa mtu. Sikuja kuwaambia kwamba hilo linapona. Labda linapona, sijafika huko.

Namshukuru sista, na daktari, na dereva aliyemfunika mke wangu koti lake. Namshukuru binti yangu wa Buna aliyenifukuza. Ameniletea salamu kwamba naweza kuja sasa, na nitakwenda. Namshukuru mke wangu, aliyeniamini na mkebe. Na ninyi wageni, wengi wenu ni wafugaji, mna vichwa kama changu, vizuri, vya kujivunia. Sala ukiikosa utailipa. Saumu utailipa. Ngamia atakunywa ya wiki mbili kwa siku moja. Kidonge cha jana hakilipwi. Ukikikosa, mwambie sista, umeze cha leo, na usiwe kadhi wa mtu, hata wa mke wako, kama njia ya kuuliza ipo. Na njia ikikatwa na maji, subiri maji yapungue uulize, lakini mkebe usiutundike.

Nirudishieni kamba yangu. Naam. Jazaka Allah.

Neno la mwisho. Kama kati yenu kuna mtu wa Dadaab, au jamaa yake yuko huko, amtafute mama mzee mwenye jino moja la dhahabu juu, mkali, aliyekuwa Garissa kwa kifua. Sijui kama yu hai. Mkimpata, mwambieni asiningoje tena asubuhi. Mwambieni kamba imekwisha, yamebaki yale matatu tu. Ataelewa.

Haya, sista ameshaleta ndoo. Nyosheni mikono. Kiganja kimoja kimoja.